Klachi Ina Upepo? Mwite Mwenzi Wako!

Pesa imetoka, pampu mpya ya klachi imefungwa, lakini ukikanyaga pedali inazama kama godoro kuukuu na gia ya rivasi inalia kreee! Kabla hamjaanza kurushiana maneno kwamba nani alimchagua fundi, tulieni. Huenda ni upepo tu umebaki ndani.

Klachi ya mafuta ina pampu mbili: ya juu, karibu na pedali, na ya chini, kwenye giaboksi. Mguu unasukuma mafuta toka juu, yanaisukuma ya chini, klachi inaachia. Mafuta hayabonyei, ila hewa inabonyea. Bomba likifunguliwa hewa huingia, na nguvu zako zote zinaishia kwenye hewa hiyo.

Usiingie nalo barabarani. Kwenye foleni, gari linaweza kuendelea kusogea huku umekanyaga klachi!

Kazi ya wawili
Egesheni sehemu tambarare, gia huru, hendibreki juu, matairi yawekewe mawe. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Jazeni kikopo kwa mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa mpya, maana iliyokaa wazi hunyonya unyevu. Mmoja akae kwenye pedali. Mwingine, mwenye spana, avishe kampira kwenye skrubu ya kutolea upepo ya pampu ya chini, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

Sasa ni mawasiliano. Wa chini aseme "Kanyaga!" Wa juu akanyage taratibu, ashikilie, ajibu "Nimeshika!" Skrubu ifunguliwe kidogo, mapovu yatoke, ifungwe. Ndipo wa chini aseme "Achia!" Mguu ukiachia mapema, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Pedali ikigoma kupanda, ivuteni kwa mkono.

Rudieni mpaka yatoke mafuta matupu. Kila baada ya mara tatu nne, angalieni kikopo. Kikikauka, mmeingiza upepo mwingine, na kwenye baadhi ya magari kikopo hicho ndicho cha breki pia! Mafuta yakidondokea bodi, osheni haraka kwa maji, yanakula rangi.

Mapovu yameisha lakini pedali bado inazama? Kagueni kama kuna panapovuja, kisha mrudishieni fundi.

Na kama mmenuniana tangu jana, yamalizeni kwanza. Aliye chini hauoni mguu wako, anategemea kauli yako tu. Ukisema umeshika wakati hujashika, mtashinda hapo hadi jioni, halafu lawama zote aangushiwe fundi wa watu!