Karatasi na Mwanga: Kwa Nini Picha za Zamani Zisitupwe

Familia nyingi zilizoondoka Zanzibar baada ya Januari 1964 zilitoka na vitu vichache, na mara nyingi miongoni mwavyo ilikuwamo bahasha ya picha. Leo bahasha hizo ziko Maskati, Dubai na London. Wajukuu wanazipiga skani na kutumiana kwa simu, jambo ambalo sisi tunalifurahia. Tunalolihofia ni linalofuata: picha ikishaingia kwenye kompyuta, karatasi na negativu yake hutupwa.

Filamu ya picha nyeusi na nyeupe imepakwa utando wa jelatini wenye chembe za chumvi ya fedha. Mwanga uliotoka usoni kwa bibi ndio uliopenya lenzi ukazigusa chembe hizo, na filamu iliposafishwa, palipoguswa pakawa peusi. Kwa hiyo negativu ile ilikuwa chumba kimoja naye siku ile. Faili la kompyuta ni nambari tupu, hunakiliwa mara elfu bila tofauti. Anayeshikwa na moyo akiishika karatasi kuukuu hadanganyiki na mapenzi tu. Kitu chenyewe ni shahidi.

Tena picha ilikuwa adimu. Mkanda wa kamera nyingi za studio ulitoa picha 12, basi. Watu waliokwenda Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, walivaa kanzu iliyopigwa pasi na joho la heshima, wakatulia. Ule utulivu wa macho, ambao vijana huuita ukali, ni adabu ya kukaa mbele ya kamera.

Kwa mwanahistoria yako mengine. Filamu nyingi za zamani hazikuona rangi nyekundu, hivyo kanga nyekundu ikatoka nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe-nyeupe. Programu za siku hizi zinazotia rangi picha za kale hazilijui hilo; zinabuni. Tumeona ndugu wakibishana juu ya nguo ya shangazi kwa ushahidi wa rangi iliyobuniwa na mashine! Na nyuma ya karatasi mna muhuri wa studio, tarehe, pengine salamu kwa hati ya Kiarabu. Nani hukumbuka kupiga skani upande wa nyuma?

Negativu zinazonuka siki zimeanza kuoza, nazo huziambukiza jirani zake. Zitengwe, zipigwe skani kwanza. Zilizobaki zihifadhiwe penye ubaridi na ukavu, ndani ya karatasi isiyo na tindikali, mbali na plastiki za kubana. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, na yaandikwe sasa, angali yupo mzee wa kuyataja.