Je, Wajua? Bunduki ya Kwanza

Je, wajua kwamba mwalimu wa silaha maarufu kuliko wote waliopata kukanyaga teritwari ya Fizi alishindwa na somo la kwanza kabisa? Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akatua Kibamba tarehe 24 Aprili 1965 kwa jina la Tatu, akaondoka Novemba mwaka huohuo akiwa na malalamiko ya kujaza kitabu. Waasi wa Kongo aliowakuta hawakukosa bunduki. Silaha za Kirusi na za Kichina zilikuwa zikipitia Dar es Salaam na Kigoma hadi kwao. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia wafumbue macho. Guevara anaeleza jinsi walivyofumba macho, wakakandamiza kifyatulio na kumimina masasi mpaka magazini ikabaki tupu.

Je, wajua majeruhi wa risasi waliomfikia daktari wa Cuba pale Kibamba walipigwa na nani? Si na askari wa Tshombe, waziri mkuu wa Kongo wakati ule. Kwa maelezo ya Guevara, wengi waliumizana wenyewe kwa wenyewe, pombe ikiwa kichwani. (Anasimulia pia kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo, wakisema wao si motokaa. Aliyewahi kupanda milima ile na gunia la mihogo mgongoni hatawalaumu sana.)

Tangu hapo imepita miaka 60 hivi, na bunduki za kila namna zimepita Fizi. Mtu wa Kilembwe anayetamani ya kwanza, awe mwindaji au mnunuzi wa dhahabu anayelala na mizani chini ya mto, bado huipata bunduki kabla ya kumpata mwalimu. Haya yafuatayo ni yake.

Je, wajua kwamba Kivu Kusini, mkoa wa Fizi, imetajwa kwa jina katika vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa? Azimio 1493 la tarehe 28 Julai 2003 lilikataza silaha kupelekwa kwa makundi yenye kupigana Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Mwaka 2005 katazo likapanuliwa nchi nzima. Mwaka 2008 serikali ililegezewa, makundi hayakulegezewa. Kwa hiyo Kalashnikov inayouzwa kwa kunong'onezana nyuma ya soko, hata muuzaji akiwa shemeji yako, imekatazwa New York na imekatazwa Kinshasa.

Kinshasa yenyewe ilisema zamani. Sheria ya silaha na risasi nchini Kongo ni namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985: raia hashiki bunduki bila kibali, na silaha ya vita si ya raia. Anayekutwa nayo hujibu mbele ya mahakama ya kijeshi, ingawa hajawahi kuvaa gwanda maishani mwake. Uwindaji nao una sheria yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na kibali chake. Kimoja ni cha kushika bunduki, kingine ni cha kumpiga mnyama. Wengi hudhani kimoja kinabeba kingine, na hapo ndipo mwindaji mwema anapogeuka jangili bila kujua.

Je, wajua kwamba ganda la risasi husema lilikotoka? Okota moja, ligeuze, tazama kitako chake. Kuzunguka kile kiduara cha katikati kilichopigwa na pini mna herufi na tarakimu ndogo zilizochapwa kwenye chuma. Kwenye risasi za kijeshi mara nyingi utakuta alama ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka wa kutengenezwa. Wachunguzi ambao Baraza la Usalama limekuwa likiwatuma Kongo tangu 2004 husoma alama hizohizo kutafuta silaha ilikotoka. Bunduki nayo ina namba yake ubavuni. Ukiona imekwanguliwa, usiulize bei. Aliyeikwangua alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo utainunua pamoja na bunduki.

Wala kupiga muhuri silaha si jambo la jana. Je, wajua kwamba Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini? Fizi imo humo, na Ujiji, na Zanzibar. Kilichoachwa kiuzwe, kwa masharti, ni gumegume lenye mtutu laini, na hata hilo lilipaswa kuandikwa na kupigwa alama kabla ya kutoka ghalani. Mkataba ulisema unapiga vita biashara ya utumwa, na ni kweli misafara ya watumwa ilitembea kwa baruti: Tippu Tip mwenyewe anasimulia kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Ila si bahati mbaya kwamba waliotia saini walibaki na bunduki za kupakia kwa nyuma, sisi tukaachiwa za kushindilia kwa mbele.

Je, wajua kwamba kwenye bunduki ya marisawa kalibri 12 ni kubwa kuliko kalibri 20? Namba hiyo haipimi upana. Inahesabu mipira ya madini ya risasi yenye upana wa mtutu ambayo pamoja inafanya ratili moja. Ikitosha 12, mipira ni mikubwa. Ikihitajika 20, ni midogo. Mtutu wa 12 una upana wa milimita 18 na nusu hivi.

Lipo jambo moja ambalo kila mwenye bunduki ya marisawa lazima alijue kabla hajatoka nyumbani. Risasi ya 20 ikitiwa kwa makosa kwenye bunduki ya 12 haikai mahali pake. Huteleza mbele, ikakwama ndani ya mtutu, mahali jicho halifiki kwa haraka. Mwenye bunduki anaangalia chemba, anaona tupu, anasema loo, nimesahau kutia. Anatia ya 12. Anafyatua. Mtutu hupasuka mbele ya mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza maganda ya 20 kwa rangi ya njano. Mfukoni mwako zisichanganyike kamwe, na ukirithi begi la marehemu babu lenye risasi za kila aina, zitenge moja moja juani kabla hujatia hata moja.

Tope hufanya kazi hiyohiyo. Mwezi wa Aprili, kwenye njia za Lulenge, mtu huteleza, mdomo wa bunduki unachoma ardhi, anainuka, anajipangusa magoti, anaendelea. Donge la udongo lenye ukubwa wa kidole limebaki ndani. Risasi ikilikuta, moshi na moto havina pa kutokea ila ubavuni. Ukianguka, fungua na uondoe risasi kwanza, kisha uchungulie mtutu kwa nyuma mpaka uone mwanga upande wa pili.

Je, wajua kwamba kuchomoa magazini hakuifanyi bunduki kuwa tupu? Risasi moja yaweza kuwa imekwisha panda chembani, na hiyo haitoki pamoja na wenzake. Utaratibu ni kuchomoa magazini kwanza, kuvuta mtambo nyuma baadaye, kisha kuangalia kwa jicho na kupapasa kwa kidole. Ukigeuza mpangilio, ukavuta kwanza na kuchomoa baadaye, umeitia risasi mpya chembani kwa mkono wako mwenyewe, halafu unamwambia mkeo usiogope, ni tupu.

Jeff Cooper, afisa wa zamani wa Marine wa Marekani aliyefungua shule ya shabaha Arizona mwaka 1976, aliyakusanya haya yote katika kanuni 4. Kila bunduki ina risasi. Usielekeze mdomo wake kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umekwisha lenga. Jua unacholenga na kilicho nyuma yake. Za kwanza 3 watu huzishika ndani ya siku moja. Ya nne ndiyo inayosahaulika vijijini, kwa maana nyuma ya nguruwe anayefukua mihogo jioni mara nyingi kuna nyumba, na ukuta wa miti na udongo hauzuii risasi ya Kalashnikov. Hupita ukuta wa kwanza, na yaweza kupita hata wa pili.

Je, wajua una jicho bwana na jicho mtumwa? Macho yote mawili yakiwa wazi, nyoosha kidole kwenye mti ulio mbali. Fumba jicho la kushoto. Kidole kikibaki kwenye mti, jicho lako la kulia ndilo linaloongoza. Kikiruka pembeni, ni la kushoto. Wapo watu wa mkono wa kulia wenye jicho la kushoto, na hao hukosa shabaha kwa miaka huku wakiilaumu bunduki, au jirani aliyeiangalia vibaya.

Haraka haraka:

Risasi ya Kalashnikov hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 na zaidi kidogo kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 hivi. Aliyelengwa karibu hausikii mlio kwanza.

Mlio mmoja wa bunduki hupita desibeli 140, kiwango ambacho sikio laweza kuumia papo hapo, na sikio lililokufa halifufuki. Pamba kavu husaidia kidogo mno. Vizibo halisi vya masikio ni vya bei ndogo sana ukivilinganisha na bunduki.

Ukifyatua na kitu kisilie, usiigeuze uitazame. Shikilia mdomo wake mahali salama kwa nusu dakika, kwa maana risasi iliyolala kwenye unyevu huweza kuchelewa kulia.

Kiwashio cha Kalashnikov kiko upande wa kulia na kina ngazi tatu: juu imefungwa, katikati inamimina, chini kabisa inapiga moja moja. Anayeshusha kwa pupa mpaka mwisho anapata moja moja. Kumimina kunataka usimame katikati.

Nyama iliyopigwa kwa risasi ya madini ya risasi hubaki na chembe zisizoonekana, mbali na tundu lenyewe. Kata pande lote la jeraha, hata ukiona uchungu, na watoto wadogo na mama mwenye mimba wasipewe sehemu ya karibu na hapo.

Sasa ile ya sherehe. Je, wajua risasi iliyopigwa juu usiku wa mwaka mpya huenda wapi? Mmarekani Julian Hatcher alitaka kujua. Mnamo 1920 hivi, yeye na wenzake walijenga jukwaa juu ya maji huko Florida, wakapiga masasi zaidi ya 500 wima kuelekea mbinguni, wakangoja. Ni 4 tu zilizorudi jukwaani. Nyingine upepo ulizipeleka unakotaka. Zilirudi kwa kasi ya mita 90 hivi kwa sekunde, ambayo yatosha kutoboa kichwa cha mtu. Na hizo ni zilizopigwa wima. Mlevi wa harusini hapigi wima. Ya kwake huinama, huhifadhi nguvu zake, na kushukia kwenye kijiji ambacho hakikualikwa.

Je, wajua masharti ya dawa? Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Tanzania ya leo, alifundisha kwamba maji yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji; miaka 60 baadaye, upande wa pili wa ziwa, waganga walikuwa wakiwamwagia waasi wa Fizi dawa kwa ahadi ya namna hiyohiyo. Guevara aliyaandika masharti waliyopewa: usichukue kitu kisicho chako, usiguse mwanamke, usiogope. Sharti la tatu ndilo la kijanja. Aliyekufa aliogopa, na hakuna wa kumuuliza. Mimi sizuii mtu imani yake, ila naona kwamba anayejiamini kukingwa haoni haja ya kujifunza kulala chini.

Je, wajua Kalashnikov aina ya AKM, iliyotoka 1959, ina uzito wa kilo 3 na kidogo? Mtoto wa miaka 10 anaibeba, na wapo walioona hilo ni faida. Thomas Lubanga wa Ituri ndiye mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, kwa kuandikisha watoto jeshini. Alipewa miaka 14. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza jambo hilo pia. Nyumbani nako, mtoto asijue bunduki inalala wapi, na risasi zilale chumba kingine, chini ya kufuli nyingine, na ufunguo usiwe ule wa kabati la sukari.

Mwisho, je, wajua bunduki iliwahi kununua nini upande wa kusini wa Fizi? Kaskazini mwa Katanga, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, ambaye baadaye aliongoza tume ya uchaguzi, liliwapa waliosalimisha silaha zao baiskeli. Watu walizileta, wakaondoka wakikanyaga pedali. Baiskeli hubeba mafuta ya mawese mpaka sokoni, na haitaki kibali cha sheria ya 1985, ingawa kwenye kizuizi cha barabarani wataomba kitu kidogo hata hivyo.