NCHI JIRANI: Malisho ya Kiangazi Huko Laikipia

Kaskazini ya Mlima Kenya, katika Laikipia, ipo ardhi ya jamii ya Wamasai iitwayo Il Ngwesi. Wenyeji wake ni wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwaka 1996 walifungua mabanda sita ya kulaza watalii. Tangu hapo riziki yao imetoka pande mbili: zizini na mabandani.

Asiyejua ufugaji huweza kudhani kwamba kazi hizo mbili hazina ugomvi. Ugomvi upo, na chanzo chake ni majira. Masika yanaponyesha, tangu mwisho wa Machi hadi Mei, majani huota, ng'ombe huzaa na maziwa hujaa vibuyu. Lakini wakati huo njia huwa matope, majani marefu huwaficha wanyamapori, na wageni huwa wachache. Mgeni huja kwa wingi Julai na Agosti, wakati wa likizo za Ulaya, nchi inapokuwa kavu na wanyama wamekusanyika penye maji. Huo ndio wakati ambao malisho ya karibu na boma yamekwisha. Basi ng'ombe na mgeni huhitaji mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Il Ngwesi walilikabili jambo hilo kwa mapatano. Sehemu kubwa ya ardhi iliachwa kwa wanyamapori, na mifugo huruhusiwa kuingia baadhi ya sehemu hiyo wakati wa shida tu. Mapato ya wageni husaidia karo za watoto, huduma za afya na mishahara ya askari walinzi. Kwa hiyo mfugaji anayezuiwa leo anajua kwamba anachozuiwa ni mali yake mwenyewe.

Lakini mapatano ya jamii moja hayamfungi mfugaji atokaye mbali. Mwaka 2017, wakati wa ukame na miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, wafugaji wenye bunduki waliingiza maelfu ya ng'ombe katika mashamba makubwa ya watu binafsi huko Laikipia. Nyumba za wageni zilichomwa moto. Mwezi Machi, Tristan Voorspuy, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, aliuawa kwa risasi alipokwenda kukagua nyumba zilizochomwa katika shamba la Sosian. Mwezi huo huo Serikali ya Kenya ilipeleka jeshi kuwasaidia polisi.

Kuua na kuchoma nyumba ni uhalifu, na uhalifu hauna udhuru. Hata hivyo, askari anayetumwa mahali kama hapo hana budi kuijua historia yake. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 wakoloni waliwasukuma Wamasai kwanza kwenda Laikipia, kisha wakawahamisha wengi wao kwenda kusini. Machungu ya ardhi hayakuanza jana.

Wala hakuna upande mmoja unaoweza kujitosheleza. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizuia ndege za abiria kutoka nje, na mabanda ya wageni yakabaki matupu. Mifugo ikawa ndiyo tegemeo. Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, kati ya 2020 na mwisho wa 2022, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini Kenya. Mfugaji mwenye njia mbili za riziki alipata ahueni kwa zamu. Mwenye njia moja aliupokea msiba wote kwa mara moja.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Huko Laikipia nyasi zikiisha, waumiao ni watu. Bunduki ya askari yaweza kumwondoa mvamizi shambani, lakini haioteshi majani. Ulinzi wa kweli huanza masika, majani yakiwa tele, kwa wazee, wenye mashamba na serikali kupatana nani atalisha wapi kiangazi kikifika. Askari aitwaye baada ya hapo amechelewa kuitwa.