Nduthi Inatema Gia na Nyuma Inayumba? Soma Hii Kabla Ufungue Injini Kwa Keja

Wasee wa nduthi, hii ni yenu. Umebeba abiria, unataka kupita matatu iliyosimama, unakanyaga gia ya pili na kuvuta moto. Ghafla gia inaruka nje yenyewe. Injini inalia lakini nduthi haiendi, na kuna lori nyuma yako. Ongeza gurudumu la nyuma linalocheza kushoto kulia kwa kona, na hapo umebeba roho mbili mkononi.

Wengi huishi na hizi shida miezi mzima. Tunaelewa. Nduthi bado inatembea, mkopo unadai kila siku, na siku bila stage ni siku bila doh. Halafu ukienda kwa fundi unaambiwa "hii injini yote ifunguliwe," na huna njia ya kujua kama ni ukweli ama unapigwa.

Giaboksi na swingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, unaweza kuzitengeneza nyumbani kama una vifaa na subira. Hata kama hutashika spana, ukijua kazi inaendaje hakuna mtu atakuuzia uongo.

Kwanza jua ni nini imekufa

Usianze na spana. Anza na kusikiza.

Ukivuta moto na injini inapanda mlio polepole huku mwendo ukibaki pale pale, hiyo si gia. Ni klachi inateleza. Ukisikia "tak!" na nguvu inakatika mara moja, gia imeruka. Kama gia ni ngumu kuingia ukiwa umesimama, angalia kebo ya klachi kwanza. Mkono wa klachi unafaa uwe na mchezo kidogo kabla haujaanza kuvuta. Ukiwa umelegea sana, klachi haiachi vizuri na gia inakataa.

Cheki pia kile chuma unachokanyaga na mguu. Meno yake ya ndani yakiisha kinateleza kwa shafti, na unaeza dhani giaboksi imeisha kumbe ni kipande cha bei ndogo.

Halafu kuna oili. Kwa nduthi nyingi za silinda moja, oili moja inalainisha injini, klachi na gia pamoja. Oili ya gari inaweza kuwa na dawa za kupunguza msuguano, na klachi inahitaji huo msuguano ndiyo ishike. Tafuta chupa imeandikwa JASO MA ama MA2. Hiyo ndiyo alama ya oili inayofaa klachi inayofanya kazi ndani ya oili.

Kwa nini gia inaruka?

Ndani ya giaboksi kuna shafti mbili zenye gia zilizoshikana muda wote. Ukikanyaga, gia haziingiani upya vile watu hufikiria. Kuna ngoma yenye mifereji inayozunguka, inasukuma foki ndogo za chuma, na kila foki inasogeza gia moja kando hadi ishikane ubavuni na jirani yake. Zinashikana kwa meno manene ya ubavuni.

Meno hayo yakiwa mapya, pembe zake ni kali. Ukizoea kukanyaga gia bila kuvuta klachi vizuri, yanagongana na pembe zinakuwa za mviringo. Sasa kila ukivuta moto, zinasukumana badala ya kushikana. Foki nayo ikiinama ama ncha zake zikiisha, haisukumi gia hadi mwisho. Matokeo ni yale yale.

Kabla upasue injini

Hapa ndipo wasee hupoteza ganji. Mwaga oili, fungua kifuniko cha upande wa klachi, toa klachi, kisha angalia mwisho wa ile ngoma. Kwa modeli nyingi utapata mkono mdogo wenye springi na rola, unaokaa kwa chuma chenye umbo la nyota. Kazi yake ni kushika gia mahali pake. Springi ikivunjika ama ikilegea, gia zinaruka hata kama ndani kila kitu ni kipya. Hiyo inatengenezwa bila kutoa injini kwa fremu.

Ukiikuta iko poa, basi kubali yaishe. Injini inatoka.

Kupasua: mpangilio kushinda misuli

Kwa nduthi nyingi za silinda moja, kesi ya injini imegawanyika nusu mbili, kushoto na kulia, na giaboksi iko katikati. Hiyo inamaanisha kichwa, silinda, magneto na klachi zote zitoke kwanza.

Piga picha na simu kabla ya kila hatua. Chukua katoni, chora umbo la kesi, na uchomeke kila bolti mahali ilipotoka, kwa sababu urefu hautoshani. Magneto inatolewa na pula yake. Ukiigonga na nyundo unaweza kuharibu sumaku ama kupinda shafti.

Nusu za kesi zikikataa kuachana, usichomeke bisibisi katikati. Mkwaruzo mmoja kwa uso wa gasketi na oili itavuja daima. Gonga taratibu na nyundo ya raba, na uhakikishe hakuna bolti umesahau. Mara nyingi kuna moja imejificha.

Shafti mbili na foki zake zitoe pamoja kama fungu moja. Kisha vua gia moja moja ukizipanga kwa waya kwa mfuatano uleule, pamoja na kila washa. Hizo washa nyembamba ndizo zinapima nafasi kati ya gia. Ukibadilisha mbili tu mahali, gia moja inaweza kukataa kabisa.

Angalia pembe za meno ya ubavuni, ncha za foki, na kama kuna chuma kimegeuka bluu kwa joto. Gia yenye meno yameisha ibadilishe pamoja na ile inayoshikana nayo, maana zimekulana. Zungusha kila beringi kwa kidole. Ikikwaruza, itupe. Saklipi na oili sili weka mpya zote bila kubishana.

Osha vipande kwa mafuta ya taa, si petroli, na mbali na jiko. Oili chafu weka kwa mtungi upeleke gereji. Usimwage kwa mtaro.

Kurudisha

Paka kila kitu oili mpya. Baada ya kufunga kesi, lakini kabla hujarudisha klachi, zungusha shafti kwa mkono huku ukigeuza ngoma, na upitie gia zote, kwenda na kurudi. Kama moja haiingii, afadhali ujue saa hii kuliko baada ya injini kurudi kwa fremu.

Bolti zikaze kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana ya kupima mkazo. Aluminiamu haina huruma na nguvu za gym. Ukimaliza na kuweka oili, toa plagi na upige kiki mara kadhaa ili oili izunguke kabla ya kuwasha.

Sasa swingamu

Hii ni rahisi zaidi, lakini ndiyo watu hupuuza. Simamisha nduthi kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma na ulisukume kando. Mchezo ukiwa kwa ekseli, shida ni beringi za gurudumu. Swingamu yote ikisogea pale inaposhikana na fremu, bushi zimekufa. Mizigo ya magunia na wale abiria wawili wa haraka huzimaliza mapema.

Toa cheni, gurudumu na bolti za chini za shokapu. Kisha toa bolti ndefu inayopita katikati. Ikiwa imeshika kutu, ipe dawa ya kutu usiku mzima. Bushi ya zamani itoe kwa kuivuta: bolti ndefu, washa, na bomba lenye upana kidogo kushinda bushi. Kaza nati na itatoka polepole bila kupanua tundu. Mpya inaingia kwa njia hiyo hiyo.

Kama bushi ni ya raba iliyoshikanishwa na chuma, usiipake grisi. Na bolti ndefu ikaze mwisho nduthi ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza swingamu ikining'inia, raba inabaki imejipinda kila ukiendesha na itachanika mapema.

Ukirudisha cheni, upande uliofungika wa klipu uelekee cheni inakokimbilia. Linganisha alama za pande zote mbili ili gurudumu likae sawa.

Mahali pa kuacha

Swingamu yenye ufa usipeleke kuchomelewa. Tafuta nyingine. Bolti imekata nyuzi ndani ya kesi? Hiyo ni ya mtu wa mashine ya leth. Na ukibadilisha nusu ya kesi yenye namba ya injini, haitalingana tena na logbuku, kwa hivyo nyoosha maneno na NTSA kabla askari akuulize.

Ukienda Kirinyaga Road kutafuta spea, beba kile kipande cha zamani. Jina linaweza kuwa moja na saizi tofauti.

Una Jumapili moja tu? Anza na swingamu. Kuipima ni dakika mbili, na abiria wako hajui kuna kitu kinacheza chini yake. Wewe ndiye unajua.