Intaneti ya Nyumbani Inapokwama: Tupime Mbele ya Kushitaki

Katika namba hii tunataka kueleza neno moja linaloleta makelele katika nyumba nyingi: intaneti ya wifi inayokwenda polepole, inakatika, inarudi, inakatika tena.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita, anayelala kwao, alinyang'anywa telefone na baba yake juma mbili mbele ya Egzamini ya Serikali. Baba alisema: « Huyu mtoto njo anamaliza intaneti yetu na mafilme. » Yule dada alilia. Alisema alikuwa anatafuta paka masomo ya fizika, nayo haikufunguka. Sisi watatu wa kikundi cha sayansi tuliomba ruhusa kwa baba, tukaenda kupima.

Neno la kwanza la kujua: njia iko na vipande viwili. Kipande cha kwanza kinatoka kwa telefone mpaka kwa modemu, kile kisanduku chenye mataa madogo. Hapo wifi inapita hewani, nayo ni mawimbi ya redio tu. Kipande cha pili kinatoka kwa modemu mpaka kwa kampuni, na toka huko mpaka ulimwengu mzima. Ugonjwa unaweza kuwa katika kipande kimoja ao kingine, na dawa yao si moja. Watu wengi wanadanganyika hapa: wanaona alama ya wifi imejaa kwenye telefone, wanasema intaneti iko mzima. Hapana. Ile alama inaonyesha paka kipande cha kwanza.

Namna ya kupima ni nyepesi. Chukua telefone, simama metre 1 ao 2 karibu na modemu. Kama hapo inakwenda vizuri na katika chumba inakwama, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Kama hata hapo inakwama, angalia upande wa inje. Mwenye kompyuta anaweza kupima vizuri zaidi. Aandike neno ping na adrese ya modemu. Mara nyingi ni 192.168.1.1 ao 192.168.0.1, na inaandikwa chini ya kisanduku. Majibu yanarudi na hesabu ya milisekunde. Kisha aandike ping 8.8.8.8, ambayo iko mbali, inje ya nyumba. Jibu la kwanza likiwa zuri na la pili likiwa baya, usisumbue watoto wa nyumba: shida iko inje.

Kwa yule dada, karibu na modemu majibu yalirudi kwa milisekunde 3 ao 4. Katika saloni, mahali baba anakaa, yalipita 300, na mengine hayakurudi hata kidogo. Basi tulitafuta. Modemu ilikuwa chini kwenye simenti, nyuma ya frigo, kando ya kabati ya chuma na pipa ya maji. Chuma inarudisha mawimbi, maji inayameza, ukuta wa matofali unayapunguza. Tuliiweka juu ya etajere katikati ya nyumba. Katika saloni majibu yakashuka chini ya 10.

Kuna mambo mengine ya kuangalia:

1. Modemu nyingi za leo ziko na njia mbili. Ile ya jigahezi 2,4 inafika mbali na kupenya ukuta, lakini majirani wote wanaitumia, na furu ya mikro-onde inaisumbua. Ile ya jigahezi 5 inakimbia zaidi lakini haifike mbali. Chumba cha karibu kitumie 5, cha mbali 2,4.

2. Katika 2,4 chagua kanali 1, 6 ao 11, kwa sababu hizo tatu hazigongane. Kama jirani iko kwenye 6, wewe hama.

3. Umeme ukishuka, modemu inazima na kuwaka tena yenyewe. Angalia mataa yake wakati intaneti inakatika.

4. Usichanganye hesabu. Kampuni inauza megabiti kwa sekunde, lakini faili tunapima kwa megaokteti, na okteti 1 ni biti 8. Megabiti 8 kwa sekunde ni megaokteti 1 tu.

5. Badilisha kitu kimoja, pima, kisha kingine. Ukibadilisha vyote pamoja hautajua dawa ilikuwa gani.

Hapa tunakiri kosa letu. Mmoja wetu aliona katundu kadogo nyuma ya modemu, akafinya na sindano. Modemu ikasahau jina na neno la siri, tukapoteza saa nzima kuirudisha. Kuzima modemu sekunde 30 na kuiwasha inatosha. Ile tundu muiache.

Wakati mwingine hakuna kitu cha kufanya nyumbani. Tarehe 12 mwezi wa 5 mwaka 2024, kamba za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika ya Kusini, na inchi nyingi za mashariki ya Afrika zikakwama. Siku kama hiyo hata modemu ya bei kali haisaidie.

Mbele ya kurudi tuliangalia pia nani anakula mega. Tukakuta telefone ya baba mwenyewe: kila usiku ilikuwa inatuma mapicha na mavideo yote kwenye intaneti, bila yeye kujua. Mzee alinyamaza. Kisha akamwita binti yake mbele yetu, akamrudishia telefone na kusema: « Nilikosa, mwanangu. » Lakini siku 9 zilikuwa zimekwisha kupita, na hizo hakuna mtu anaweza kuzirudisha.

Kwa hiyo, wandugu, intaneti ikikwama kwenu, simama kwanza karibu na modemu, pima, kisha sema. Na wazazi wetu watakaosoma ukurasa huu, tunawaomba kwa heshima wafanye vilevile.