Vinasaba vya Kirusi na Kinga ya Mwili: Chimbuko la Saratani ya Mlango wa Kizazi

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Wanawake wawili wa umri mmoja, wakazi wa mji mmoja, wanaweza kuambukizwa kirusi kile kile cha papiloma, yaani HPV. Wa kwanza hupona ndani ya miaka miwili bila kujua kwamba aliwahi kuugua. Wa pili, baada ya miaka 15 au 20, hufika Hospitali ya Wilaya ya Rungwe iliyopo Makandana akilalamikia kutokwa na damu isiyo ya hedhi. Tofauti yao imo katika vinasaba vya kirusi na katika kinga ya mwili.

HPV ni kirusi kidogo mno, chenye jeni zipatazo nane tu. Zipo aina zaidi ya 200, na nyingi hazina madhara makubwa. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Ukali wake unatokana hasa na jeni mbili, E6 na E7. E6 huangamiza protini iitwayo p53, ambayo huizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. E7 huilemaza protini nyingine yenye kazi ya kufunga breki hiyo hiyo. Kwa kawaida kirusi chenyewe huzidhibiti jeni hizo kwa kutumia jeni ya tatu, E2. Vinasaba vyake vinapokatika na kujipachika katika vinasaba vya mwanamke, mara nyingi E2 ndiyo inayovunjika. Hapo E6 na E7 hubaki bila msimamizi.

Je, askari wa mwili huwa wapi muda wote huo? Kirusi hiki kina hila: hakiingii katika damu wala hakiui seli kwa kishindo, bali hukaa kimya katika tabaka la juu la mlango wa kizazi. Hata hivyo, kwa wanawake walio wengi, seli nyeupe hatimaye hukigundua na kukiondoa.

Hali ni tofauti pale Virusi Vya UKIMWI (VVU) vinapokuwa vimekwisha kuzipunguza seli hizo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwanamke anayeishi na VVU yumo katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii, na kwake safari ya miaka 15 yaweza kufupika ikawa ya miaka 5 hadi 10. Kwa nyanda hizi za juu kusini, ambako maambukizi ya VVU yamekuwa mzigo kwa miaka mingi, jambo hili si la vitabuni tu.

Chanjo hutumia udhaifu wa kirusi chenyewe. Imetengenezwa kwa ganda lake la nje pekee, lisilo na jeni hata moja, hivyo haiwezi kuambukiza wala kuleta saratani. Ikidungwa katika msuli, mwili huliona ganda hilo waziwazi na kutengeneza kingamwili nyingi kuliko baada ya maambukizi ya kawaida. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 ulionesha kuwa karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na 18 miaka miwili baadaye. Tanzania, iliyoanza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, ilihamia dozi moja mwaka 2024 kwa wasichana wa umri huo.

Kwa nini mapema hivyo? Wazazi wengine huliuliza swali hilo kwa mashaka, na jibu lake ni jepesi: chanjo huzuia kirusi kisiingie katika seli, lakini haikiondoi kilichokwisha kuingia.

Kwa mama aliyekwisha kuvuka umri huo, kinga iliyobaki ni uchunguzi. Mtoa huduma hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi. Seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe kwa dakika moja hivi. Mabadiliko hayo bado si saratani, na mara nyingi yanaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto, kabla mwanamke hajahisi maumivu yoyote.