Kahawa ya Kikombe Kimoja: Hesabu Yake kwa Mfanyabiashara wa Singida

SINGIDA si mkoa wa kahawa. Unajulikana kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Lakini mji wa Singida upo njia panda: barabara ya kutoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda Mwanza inapita hapo, na inakutana na ile ya Arusha inayopitia Babati. Arabika ya Kilimanjaro na robusta ya Kagera zote zinaweza kufika kwa basi. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuuza kahawa ya kuchuja, kikombe kimoja kimoja, inafaa apige hesabu kabla ya kufungua mfuko wake.

Soko la dunia

Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje, hivyo bei ya hapa nchini haiwezi kujitenga na ya huko. Mwezi Februari 2025, baada ya ukame kuathiri mashamba ya Brazil, arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, bei ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Bei ya aina hiyo humpa mkulima nafuu, lakini humbana mwuzaji wa kikombe. Anayepoteza gramu chache katika kila kikombe huumia zaidi kilo inapopanda.

Namna ya kutengeneza

Utaratibu huu si mgeni duniani. Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alichoshwa na machicha kikombeni. Akatoboa chombo, akaweka ndani yake karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe, kisha akachuja. Biashara iliyoanzia hapo ipo hadi leo.

Vifaa ni kichujio cha umbo la koni, karatasi zake, birika na mizani ndogo. Pima gramu 15 za kahawa iliyosagwa, chembe zake zikaribiane na za sukari. Suuza karatasi kwa maji ya moto. Mimina maji kidogo, kiasi cha kulowesha kahawa yote, subiri nusu dakika iumuke, kisha endelea kumimina taratibu kwa mzunguko hadi maji yote yafike gramu 240. Kazi nzima ichukue kama dakika tatu. Ikichuruzika upesi na kuwa chachu, saga laini zaidi. Ikikawia na kuwa chungu, ongeza ukubwa wa chembe.

Hapa Singida ina nafuu moja. Mji upo kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzijoto 95, ambacho ndicho kiwango kinachofaa. Mtu wa Dar es Salaam hungoja birika lipoe kidogo. Wa Singida humimina mara linapochemka. Tahadhari iwe kwenye maji yenyewe: ya kisima chenye chumvi yataharibu hata kahawa bora.

Hesabu

Tuchukue mfano wa kilo ya kahawa iliyokaangwa kwa Sh. 30,000. Kwa gramu 15 inatoa vikombe 66, yaani kama Sh. 455 kwa kikombe. Ukiongeza karatasi na mkaa, tuseme Sh. 200, gharama inakuwa Sh. 655. Ukiuza kwa Sh. 1,000 unabaki na Sh. 345.

Sasa tuseme mwuzaji anatumia kijiko na kwa kawaida anachota gramu 20. Kilo ileile inatoa vikombe 50 tu. Gharama inapanda hadi Sh. 800, faida inashuka hadi Sh. 200. Kwa kilo nzima, faida ya Sh. 22,770 imekuwa Sh. 10,000. Kijiko ndicho kimekula tofauti hiyo, wala si mteja. Mizani ndogo inajilipa mapema.

Tahadhari kwa mwenye mtaji

Wafanyabiashara wengi wamezoea kuweka gunia la alizeti ghalani wakingoja bei. Kahawa iliyokaangwa haikubali mchezo huo. Ikiwa punje nzima na imefungwa vizuri, hukaa na ladha yake wiki chache. Ikishasagwa harufu hupungua ndani ya siku. Kulimbikiza kilo 20 kwa sababu ya punguzo la bei ni kununua hasara. Nunua kidogo, uliza tarehe ya kukaangwa, saga unapotengeneza.

Wanaofikiria kununua buni na kukaanga wenyewe wakumbuke mambo mawili. Kwanza, uzito hupungua kwa asilimia 15 hadi 20 jikoni, hivyo kilo ya buni haitoi kilo ya kahawa. Pili, biashara ya buni inasimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania na huhitaji leseni.

Ushauri wetu: anza na kilo moja, kichujio kimoja na mizani. Andika vikombe vilivyouzwa kila jioni. Kilo ikiisha ndani ya wiki mbili, agiza mbili. Isipoisha kwa mwezi, soko lako bado ni la chai, na fedha hizo zirudi kwenye vitunguu.